Sura ya Tano: Mafuriko Hupangiwa Wakati wa Kiangazi

Mji wa Garsen unaweza kuzingirwa na maji huku anga likiwa jeupe. Vumbi bado linatimka barabarani, mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya miti ya mathenge, na Mto Tana unapanda kingo. Mvua iliyoyaleta maji hayo ilinyesha siku kadhaa nyuma, mamia ya kilomita kutoka hapo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Maji yakashuka, yakapita Garissa, Bura na Hola, ndipo yakafika Garsen, yakielekea Bahari ya Hindi pale Kipini. Mto huu una urefu wa takriban kilomita 1,000, na hakuna mrefu kuuzidi nchini Kenya.

Safari hiyo ndefu ndiyo bahati ya watu wake. Tetemeko la ardhi halibishi hodi, na maporomoko ya udongo, kama yale yaliyofukia nyumba za Pokot Magharibi usiku mmoja wa Novemba 2019, huwakuta watu wamelala. Maji ya Tana hutembea, na habari zake hutangulia kwa simu. Mtu wa Madogo akiona mto umefura, wa Hola bado ana muda, na wa Garsen ana muda zaidi. Hata hivyo, kila mafuriko makubwa yanapokuja tunaona yale yale: familia zimekwama kwenye kisiwa cha udongo, boti za Msalaba Mwekundu zinawafuata, magunia ya mahindi yameota kwa unyevu, mbuzi wameelea.

Kaunti ya Tana River ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 315,943. Ardhi ni kubwa, watu ni wachache, lakini wengi wao hawawezi kukaa mbali na mto. Mpokomo analima kandokando yake, Morma na Mwardei wananywesha ng'ombe humo kiangazi kikikaza. Kuwaambia watu hawa wahame mto ni kuwaambia wahame riziki. Linalowezekana ni kila nyumba kuamua mapema, mto ukiwa bado chini, itafanya nini siku utakapopanda. Onyo hufika. Linalokosekana mara nyingi ni uamuzi wa kulipokea.

Mto wenye mabwawa matano

Huko juu, Tana imefungwa kwa mabwawa matano ya umeme. Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa anayeshuka na mto, Masinga ndilo la kwanza, na ndilo ghala la maji. Mitambo yake huzalisha megawati 40 tu, ilhali ya Gitaru huzalisha 225, lakini Masinga linaweza kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56. Manne yaliyo chini yake ni madogo yakilinganishwa nalo.

Kuna namba moja inayofaa kukaririwa katika kila nyumba ya kandokando ya mto: 1,056.5. Hicho ni kimo, kwa mita juu ya usawa wa bahari, ambacho Masinga huhesabiwa kuwa limejaa. Katika misimu ya mvua nyingi, taarifa za KenGen, kampuni inayoendesha mabwawa haya, hutaja kimo cha maji, na vyombo vya habari huirudia namba hiyo. Ikikaribia 1,056.5 na mvua za milimani hazijakatika, kila kinachoingia Masinga kitatoka, kitapita mabwawa manne yaliyokwisha kujaa, kisha kitashuka nyanda za chini kikiwa huru.

Vijijini mto ukifura husemwa, "Wamefungua bwawa." Hiyo ni nusu ya ukweli. Chini ya Kiambere, mito kama Mutonga na Kathita, inayotoka upande wa mashariki wa Mlima Kenya, huingia Tana bila kupitia bwawa lolote. Kwa hiyo mto unaweza kuvunja kingo hata Masinga likiwa halijajaa. Anayesubiri tangazo la bwawa peke yake anasikiliza kwa sikio moja.

Mabwawa yalibadilisha jambo jingine lisiloonekana kwenye mizani yoyote, nalo ni kumbukumbu. Kabla ya Masinga, mto ulizoea kutoka kingoni misimu ya mvua, ukaacha tope lenye rutuba, na wakulima wakapanda mpunga, mahindi na ndizi nyuma yake maji yakipungua. Watu walijua hasa maji yanafika wapi kwa sababu yalifika mara kwa mara. Mabwawa yalipunguza mafuriko ya wastani. Makubwa hayakwisha: yalikuja wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, yakaja 2018, mwishoni mwa 2023, na tena 2024. Katikati ya miaka hiyo kuna vipindi virefu vya ukavu, na kijana aliyekulia humo hujenga pale ambapo babu yake aliacha maji yapite. Ndiyo maana chombo cha kwanza cha kujikinga hakinunuliwi dukani. Muulize mzee wa kijiji akuonyeshe kwa kidole maji ya 1961, yale yaliyotangulia Uhuru, yalikomea wapi, au ya 1997. Ukiisha kuonyeshwa, weka alama mahali hapo, kwenye mwembe au nguzo, ili watoto wako wasihitaji kuuliza.

Laga haitumi salamu

Si maji yote ya kaunti hii yenye subira. Mbali na mto, ardhi imekatwa na laga, mikondo mikavu ya mchanga inayopitika kwa miguu miezi mingi ya mwaka. Mvua ikinyesha sehemu za juu za laga, maji huja kwa saa chache, wakati mwingine usiku, yakiwa na magogo na mawe. Hapa hakuna bwawa wala kipimo cha kimo, na mara nyingi hakuna hata mtu wa juu wa kukupigia simu.

Kwa sababu hiyo, sheria ya laga ni tofauti na ya mto, na ni fupi: usilale ndani yake, usifunge mifugo ndani yake, na usivuke ikiwa imeanza kutiririka. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani yasiyofika hata katikati ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 hubeba gari. Bodaboda haina nafasi kabisa. Laga nyingi hupungua baada ya saa kadhaa. Anayesubiri ng'ambo hupoteza nusu siku, na nusu siku hulipika.

Kwa nini watu hubaki

Maofisa hupenda kusema kwamba wananchi walionywa wakakaidi. Kaa na hao wanaoitwa wakaidi, na utakuta mahesabu yanayoeleweka.

Mahindi yamebakiza wiki mbili kukomaa. Ukiondoka, nyani na wezi watavuna. Kambi ya mafuriko yaliyopita ilikuwa na choo kimoja kwa mamia ya watu, na binti wa miaka kumi na minne hakulala kwa hofu. Mara ya mwisho tangazo lilitoka, watu wakalipa pikipiki kuhamisha vitu, na maji hayakuja. Kukodi pikipiki au mkokoteni kunahitaji pesa taslimu, na mwezi Aprili, kabla ya mavuno, ndipo mifuko ilipo mitupu.

Kisha kuna sababu ambayo haizungumzwi barazani. Katika nyumba nyingi, mwenye uamuzi hayupo. Baba yuko na ng'ombe malishoni, au anafanya kazi Mombasa au Malindi. Mama anaona maji yanasogea, lakini hana idhini ya kuuza mbuzi hata mmoja alipie usafiri. Anapiga simu, haishiki. Anangoja hadi jioni. Mto haungoji jioni.

Kuondoka kwa kuchelewa ndiko kunakoua. Barabara ya Garissa kwenda Nairobi hukatika mara kwa mara karibu na Madogo, kwenye eneo liitwalo Kona Punda, na abiria hulazimika kuvushwa kwa boti. Jumapili tarehe 28 Aprili 2024, boti iliyojaa watu ilipinduka huko. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulisema watu 23 waliokolewa, na wengine walikufa maji. Hakuna aliyepanda boti ile kwa kupenda. Kila siku ya kungoja huondoa njia moja salama, mpaka inabaki ile mbaya kuliko zote.

Gharama ilingane na uhakika

Mwaka wa mvua una milango miwili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kabla ya kila msimu, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri. Kwa vuli, macho ya wataalamu huwa baharini. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huongezeka. Ilitokea hivyo 2019, na ilitokea tena 2023 sambamba na El Niño.

Tatizo huwa namna utabiri unavyosomwa. Wataalamu hugawa miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, ya wastani na ya mvua kidogo. Bila habari yoyote, kila fungu lina nafasi ya takriban asilimia 33. Tuseme mwaka huu wanatangaza asilimia 50 kwa mvua nyingi, 30 kwa wastani na 20 kwa mvua kidogo. Redioni itasikika, "Mvua kubwa inakuja." Lakini nambari zenyewe zinasema kwamba kati ya miaka kumi iliyotabiriwa hivyo, mitano haitakuwa na mvua nyingi. Mwaka wa kwanza kama huo, watu husema wametudanganya, na mwaka wa pili hawasikilizi.

Dawa ni kulinganisha gharama ya hatua na uhakika wa habari. Utabiri wa msimu, ambao hauna uhakika mkubwa, hutaka hatua za bei nafuu ambazo hazileti hasara hata mvua isiponyesha: kuzibua mitaro, kuinua kichaga cha nafaka, kufunga nyaraka kwenye plastiki, kuchanja mifugo. Taarifa kwamba Masinga linakaribia kujaa ni ya uhakika zaidi, nayo hutaka hatua nzito kidogo: kuhamisha chakula, kumpeleka mjamzito anayekaribia siku zake kwa jamaa aliye karibu na hospitali ya Hola au kituo kingine kinachofikika. Maji yanapopanda mbele ya macho yako, shaka imekwisha, na gharama yoyote ni nafuu.

Vijiti vitatu

Namna rahisi ya kuliweka hilo nyumbani ni vijiti vitatu vilivyochomekwa ukingoni, kimoja juu ya kingine, kuelekea nyumba. Kila nyumba iweke vyake, kwa sababu ukingo wa huyu si ukingo wa yule. Kazi hii hufanywa Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mto ukiwa umeteremka chini kabisa na hakuna mtu mwenye haraka.

Tuchukue nyumba ya watu sita: nyanya mwenye magoti mabovu, mume, mke, watoto watatu, mbuzi wanane, na shamba la mahindi na ndizi. Wanakubaliana hivi. Maji yakifika kijiti cha kwanza, chakula na nyaraka vinapelekwa kwa shangazi, kijiji cha juu. Yakifika cha pili, wanaondoka nyanya, watoto na mbuzi. Yakifika cha tatu, hakuna anayebaki, hata kama ni saa saba mchana na ndizi hazijakatwa. Kama giza linakaribia na maji yako katikati ya kijiti cha pili na cha tatu, huhesabiwa kuwa yamekwisha kufika cha tatu. Hakuna kuvuka usiku.

Wanakubaliana pia juu ya mamlaka. Mume akiwa hayupo, mke anaweza kuuza mbuzi wawili bila kupiga simu. Neno hilo lisemwe mbele ya nyanya na mbele ya jirani mmoja, lisije likawa ugomvi baadaye.

Faida ya makubaliano haya huonekana siku ya siku. Nyanya atasema, "Mimi mto huu nimezaliwa nao, mwanangu. Nendeni, mtanikuta." Bila mpango, mtoto wake hana jibu ila kubembeleza, na saa mbili zinapotea. Akiwa na mpango, anajibu, "Mama, kijiti chako kimefunikwa. Ulikichomeka mwenyewe." Mzee hashindwi na kijana. Anatii neno lake mwenyewe, na heshima yake inabaki palepale.

Mto hupimwa asubuhi na jioni kwa shubiri. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya kazi hiyo, mradi apime akiwa juu ya ukingo na mtu mzima, kwa maana mamba wa Tana nao husogea na maji. Aandike kwenye daftari: jana jioni shubiri mbili chini ya kijiti, leo asubuhi moja. Ukijua mto umekula shubiri moja kwa usiku mmoja, unajua pia umebakiwa na usiku mwingine mmoja.

Mzigo wa kwanza

Watu wakikurupuka hubeba vitu vinavyoonekana: godoro, televisheni, kuku. Vitu ambavyo huchukua miezi kuvipata tena ni vidogo na hujificha.

Kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, karatasi zozote za shamba. Bila kitambulisho hutasajili laini mpya ya simu, na bila laini hutapokea pesa za msaada wala za jamaa. Vitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, kisha uutie kwenye mfuko wa pili. Namba tano za simu ziandikwe kwa kalamu kwenye karatasi humo humo, maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya shangazi. Mojawapo iwe 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hailipiwi.

Dawa zifuate. Anayemeza dawa za virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, presha au sukari asibakiwe na vidonge vya siku tatu msimu wa mvua unapoanza. Aombe kliniki mapema apewe za muda mrefu zaidi, na abebe kadi yake, ili kituo kingine kimhudumie bila kuanza upya.

Chakula ni mzigo mzito, na hapa ujuzi wa zamani bado unafaa. Kichaga kilichoinuliwa kwa nguzo, juu ya alama ya maji ya 1997, huokoa gunia ambalo huwezi kulibeba. Mifuko isiyopitisha hewa, inayouzwa kwa ajili ya kuzuia wadudu wa mahindi, huzuia pia unyevu ikifungwa vizuri. Mbegu za msimu ujao zitengwe peke yake na ziondoke na mzigo wa kwanza. Nyumba iliyopoteza chakula hula msaada mwezi mmoja, na iliyopoteza mbegu hupoteza msimu mzima.

Madumu matupu ya lita 20 yasitupwe. Likifungwa kifuniko barabara, dumu moja humweka mtu mzima juu ya maji. Halimfanyi muogeleaji, na si ruhusa ya kuvuka. Ni la kujiokoa mambo yakiharibika.

Maji ya kunywa katikati ya maji

Mto unapoingia kijijini huingia pia vyooni. Choo cha shimo kikifurika, kilichomo humwagika kisimani, na ndani ya siku chache kipindupindu au kuhara kwa kawaida huanza kwenye kambi. Nyumba ambayo ilijiandaa kwa boti na chakula hushindwa na kikombe cha maji.

Maji ya mafuriko huwa ya tope, na dawa ya klorini hufanya kazi hafifu kwenye tope. Yaache yatulie ndani ya ndoo, yachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kama kuna kuni kavu, kuyachemsha hadi yatokote kwa dakika moja kunatosha. Ndoo iwe na mfuniko, na kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu ili mkono usiguse maji.

Mtoto akianza kuhara, kinachomuua haraka ni kukaukiwa na maji. Pakiti za chumvichumvi za kituo cha afya ndizo bora. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa bila kujaa mlima, humshikilia mpaka afike hospitali. Vipimo hivyo vinastahili kuandikwa ukutani jikoni, kwa sababu chumvi ikizidi hudhuru.

Mifugo nayo ina ugonjwa wake wa maji. Mayai ya mbu fulani hukaa ndani ya udongo wa mabonde kwa miaka, yakingoja kufunikwa na maji, na mbu wanaoanguliwa humo husambaza homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 ulianzia upande wa Garissa, ukafika Tana River, na Kenya ikapoteza zaidi ya watu 150. Ishara ya kwanza huonekana zizini: kondoo na mbuzi wengi wanatupa mimba kwa mkupuo. Ukiona hivyo, usishike kichanga kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, usinywe maziwa mabichi, na mwite ofisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo ipo, na wakati wake ni kabla ya mvua. Ikisubiri mlipuko, imechelewa.

Pochi moja kwa maadui wawili

Watu wa kaunti hii hawachagui kati ya ukame na mafuriko. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa katika maeneo kame ya Kenya, na zaidi ya watu milioni nne walihitaji msaada wa chakula. Haukupita mwaka, vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Mbuzi waliosalimika na njaa, wakiwa mifupa mitupu, walikufa kwa baridi ya mvua.

Ukame ndio unaotoa onyo refu kuliko yote. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikipima mvua, hali ya majani kwa setilaiti, umbali wa kwenda majini, bei za mifugo, na mzingo wa mkono wa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kaunti hutajwa kuwa katika hali ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Kwa mfugaji, tofauti kati ya tahadhari na dharura ni bei ya ng'ombe. Kwenye tahadhari, ng'ombe bado ana nyama na mnunuzi yupo. Kwenye dharura, kila mtu anauza, mnyama hawezi kutembea hadi soko la Garsen, na gunia la mahindi limepanda bei siku ile ile ngozi iliposhuka.

Kuuza ng'ombe wawili kati ya kumi mapema kunauma, hasa kwa jamii ambayo hesabu ya zizi ndiyo hesabu ya mtu. Lakini pesa hiyo, ikiwekwa kwenye simu au kwenye chama cha akina mama, hulisha wanane waliobaki, na kama mvua itageuka kuwa mafuriko, hiyo hiyo hulipia pikipiki ya nyanya. Hapo ndipo maandalizi ya maadui wawili yanapokutana. Vyama vingi huzungusha fedha zote kwa zamu mpaka sanduku libaki tupu. Chama kinachotenga sehemu ndogo ya kila mchango kuwa mfuko wa dharura, kikaandika ni alama gani inayoufungua, kimejinunulia bima bila karani.

Yaliyo nje ya uwezo wa nyumba

Kuna mambo ambayo vijiti vitatu haviwezi. Nyumba haiwezi kuamua maji ya Masinga yaachiliwe lini. Haiwezi kufungua peke yake malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni, mashamba yakizizuia. Mwaka 2012 ugomvi wa ardhi, maji na malisho, ukichochewa na siasa, uliwaua zaidi ya watu 100 katika delta ya Tana. Malka iliyokubaliwa na wakulima na wafugaji kabla ya kiangazi ni kinga ya maisha sawa na boti.

Nyumba haiwezi pia kujenga kambi. Kila mafuriko, shule hugeuzwa makao. Mwaka 2024 muhula wa pili uliahirishwa nchini kote, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Darasa linalolaza familia nane halifundishi, na watoto wa mtoni hukosa masomo mara mbili: maji yakija, na wenzao wanaporejea huku shule zao zikiwa bado zimejaa watu.

Kwa haya, kuna serikali, na sheria iko upande wa mwananchi. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali ya kitaifa na za kaunti, zote mbili, kazi ya kukabiliana na majanga. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Na kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka bungeni mwake waraka unaoweka viwango vya matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Baraza linaloitishwa Mei, watu wakiwa kambini, linakuta hesabu zimekwisha kupangwa.

Kwa hiyo Februari ina kazi mbili, moja ukingoni na moja barazani. Barazani, maswali manne yanatosha. Onyo likifika Hola, nani analileta kijijini kwetu pasipo na mtandao, na kwa saa ngapi? Uwanja wetu wa juu ni upi, na una vyoo vingapi na maji kutoka wapi? Malka zipi zimefungwa, na zitafunguliwa lini? Na mfuko wa dharura wa kaunti una shilingi ngapi leo? Majibu yaandikwe na karani wa kijiji, yasomwe tena kwa sauti baraza lijalo, mbele ya yule yule aliyeyatoa.